Milner Field: Kasri la tajiri wa sufu lililokosa mnunuzi

Mwaka 1930 nyumba iitwayo Milner Field, karibu na mji wa Bradford kaskazini mwa Uingereza, ilipelekwa mnadani. Ilikuwa kasri la mawe lenye mnara, ukumbi wenye kinanda kikubwa, chumba cha kuchezea biliadi, nyumba ya kioo ya kuoteshea mimea ya nchi za joto, ziwa la kuchimbwa, mazizi ya farasi na bustani zilizopangwa na bingwa wa kazi hiyo. Mrithi wa kiti cha ufalme alishawahi kulala humo pamoja na mkewe. Kasri lenyewe lilikuwa halijatimiza miaka 60. Mnunuzi hakupatikana.

Wenyeji hawakushangaa. Kwao jambo lilikuwa wazi: nyumba ina mkosi. Aliyeijenga alianguka na kufa humo akiwa na miaka 44. Aliyemfuata alizika wana. Wa tatu alikufa kwa kidonda cha mguu. Wa nne, inasimuliwa, aliuawa na kwikwi. Wake wawili walikufa katika miaka ileile. Sisi tuliokulia kwenye mitaa ambako kuna nyumba isiyokaa mpangaji tunaijua hadithi ya namna hii, na tunajua pia jinsi inavyonoga kila inapopita mdomo mwingine.

Kinachofanya Milner Field istahili kusimuliwa upya ni kwamba chini yake, mwendo mfupi tu bondeni, kuna mitaa ya nyumba ndogo za wafanyakazi zilizojengwa na baba wa mwenye kasri. Hizo zimesimama hadi leo, watu wanalala humo, na Umoja wa Mataifa umeziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kasri limebaki kifusi msituni. Ukitaka kuelewa kwa nini, mkosi hautakusaidia sana. Inabidi uanze na baba.

Titus Salt alizaliwa mwaka 1803 huko Morley, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu. Alipoingia kazini Bradford, mji ule ulikuwa unavimba. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulikuwa na watu kama 13,000; kufikia 1851 walikuwa zaidi ya 100,000, wengi wao wakifanya kazi kwenye viwanda vya kuchana, kusokota na kufuma sufu. Salt alikuwa na jicho la kuona mali ambapo wenzake waliona takataka. Alianza na sufu ngumu kutoka Urusi, ambayo wasokotaji wengine waliikataa kwa sababu ilikatika na kuchafua mashine. Yeye akatafuta namna ya kuisokota, akafaulu.

Kisha mwaka 1836, akiwa kwenye ghala bandarini Liverpool, akakuta marobota ya manyoya ya alpaka, mnyama wa milima ya Amerika Kusini aliye wa jamii ya ngamia. Mzigo ulikuwa umekaa pale muda mrefu bila mtu kuutaka. Charles Dickens aliipenda habari hiyo kiasi cha kuiandikia mwaka 1852 katika jarida lake la Household Words. Salt alijaribu manyoya yale kimyakimya, akagundua kwamba ukiyafuma pamoja na nyuzi za pamba au hariri unapata kitambaa chepesi chenye kung'aa. Wanawake wa tabaka la kati, ambao hariri tupu ilikuwa juu ya uwezo wao, wakakikimbilia. Malkia Victoria mwenyewe alikuwa na alpaka wake kule Windsor, akampelekea Salt manyoya yao yafumwe kitambaa cha nguo zake. Tangazo la biashara kubwa kuliko hilo halikuwepo.

Fedha ikaja, na moshi ukaja nayo. Bradford ya miaka ya 1840 ilikuwa na dohani zaidi ya 200 zikitapika masizi, na kijito cha mji kilikuwa kimegeuka mfereji wa maji machafu. Mwaka 1848 Salt akawa meya. Mwaka uliofuata kipindupindu kiliua watu zaidi ya 400 mjini humo. Aliona kwa macho yake kwamba wafanyakazi wake waliishi pabaya kuliko farasi wake.

Akaamua kuhama na kila kitu. Kilomita kama tano au sita nje ya mji, palipokutana mto Aire, mfereji wa Leeds na Liverpool, barabara na reli, alinunua ardhi na kuwaita wasanifu Lockwood na Mawson. Tarehe 20 Septemba 1853, siku aliyotimiza miaka 50, kiwanda kikafunguliwa kwa karamu ya wageni 3,500 waliokaa ndani ya banda la kuchania sufu. Jengo lilikuwa na urefu wa mita zipatazo 166. Ndani mlikuwa na mashine za kufumia 1,200, na kwa siku moja zilitarajiwa kutoa kitambaa cha urefu wa kilomita 27 hivi. Mihimili mingi ya kuzungushia mitambo ilipitishwa chini ya sakafu ili isimnase mtu nguo au nywele, na dohani likafungiwa vifaa vya kupunguza moshi. Kwa wakati ule, hayo hayakuwa mambo ya kawaida.

Kandokando ya kiwanda kikaota kijiji, Saltaire, kwa kuunganisha jina la mwenyewe na la mto. Nyumba zilikuwa zaidi ya 800, za mawe, zenye maji ya bomba, gesi na choo kila moja uani kwake. Kanisa likajengwa mwaka 1859, kisha shule, hospitali, nyumba 45 za wazee na wagonjwa, bafu za umma, dobi la pamoja, na mwaka 1871 bustani ya kupumzikia ng'ambo ya mto. Baa haikuwepo hata moja. Mitaa ilipewa majina ya mke wake na watoto wake: Caroline, George, Edward, Fanny, Amelia, Ada. Mtoto wa Salt alikuwa anaweza kupita kijijini akisoma majina ya ndugu zake kwenye kona za nyumba za watu wengine.

Tusimtakase kupita kiasi. Mwajiri ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, ndiye aliyejenga kanisa, ndiye aliyeamua unywe nini Jumamosi jioni. Watoto walifanya kazi nusu siku na kusoma nusu siku, kama sheria ya wakati ule ilivyoruhusu. Wasimamizi walipewa nyumba kubwa zaidi mwishoni mwa kila safu, na hata leo ukitazama paa unaweza kutambua nani alikuwa na cheo. Lakini mtu aliyetoka kwenye vyumba vya chini ya ardhi vya Bradford, vyenye unyevu na panya, hakuhitaji kufundishwa tofauti.

Jambo moja la Salt linanivutia: hakuishi Saltaire. Nyumba yake iliyojulikana zaidi ilikuwa Crow Nest, huko Lightcliffe karibu na Halifax, mbali na dohani lake. Alipewa cheo cha ubaroneti mwaka 1869, akafa Crow Nest mwezi Desemba 1876. Inakadiriwa kwamba watu 100,000 walijipanga barabarani kutazama jeneza lake likipita. Inakadiriwa pia kwamba katika uhai wake aligawa hadi pauni 500,000 kwa makanisa, hospitali, shule na watu wenye shida. Wanawe walikuta jina kubwa na akiba ndogo kuliko walimwengu walivyodhani.

Hapo ndipo anapoingia mwenye Milner Field.

Titus Salt mdogo alizaliwa mwaka 1843. Kati ya watoto wa kiume ndiye aliyeshika kiwanda kwa moyo. Mwaka 1866 alimwoa Catherine Crossley, binti wa familia ya Halifax iliyotajirika kwa mazulia, yenye viwanda vya Dean Clough vilivyokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vya aina yake. Ilikuwa ndoa ya nyuzi na nyuzi. Vijana hawa wawili hawakutaka kukaa mbali na kazi kama mzee. Walinunua shamba la Milner Field, juu ya bonde la Aire, wakabomoa nyumba ya kale ya karne ya 17 iliyokuwepo, na kati ya 1869 na 1873 wakasimamisha yao.

Msanifu wao alikuwa Thomas Harris wa London. Mtu huyu ana nafasi yake katika historia hata bila Milner Field: mwaka 1860 alichapisha kijitabu Victorian Architecture, akiwa miongoni mwa wa kwanza kulitumia jina la Malkia kuutaja mtindo wa ujenzi wa enzi ile. Alichowajengea akina Salt kilikuwa cha Kigothi, kizito, chenye paa kali, madirisha ya mawe yaliyochongwa, vioo vya rangi na milango mizito iliyofanana na ya ngome. Bustani alipewa Robert Marnock, yule aliyepanga bustani ya mimea ya Sheffield. Nyumba ya kioo iliungwa na kasri kwa ujia, na sakafu yake ikatandikwa nakshi ya vigae vidogo vya rangi.

Picha za wakati ule zinaonyesha nyumba isiyotabasamu. Mtu anayependa wepesi wa baraza na ua wa ndani ataiona inakukunjia uso. Hata hivyo vitu vyake vilikuwa vya daraja la juu, na mafundi waliolipwa pale walikuwa hodari. Watu wa tabaka la Salt walijenga namna hiyo kwa sababu walikuwa wageni katika utajiri. Mabwana wa kale walikuwa na makasri ya miaka 300. Mwenye kiwanda alilazimika kuinunua miaka 300 hiyo kwa mawe na chokaa ndani ya minne.

Na ikanunulika. Juni 1882 Mwanamfalme wa Wales, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba, alifikia Milner Field pamoja na mkewe Alexandra walipokwenda kufungua chuo cha ufundi Bradford. Fikiria mjukuu wa mfanyabiashara wa sufu wa Morley akimwandalia chakula cha jioni mfalme mtarajiwa. Mei 1887, mwaka wa jubilei ya miaka 50 ya Malkia, akaja Binti Mfalme Beatrice na mumewe kufungua maonyesho makubwa ya Saltaire, yaliyofanywa kuchangia jengo la shule ya sayansi na sanaa.

Maonyesho yalifungwa, mabanda yakavunjwa. Tarehe 19 Novemba mwaka uleule Titus mdogo alirudi nyumbani kutoka kiwandani akiwa hajisikii vizuri. Alifia katika chumba cha biliadi. Moyo ulikuwa unamsumbua tangu zamani.

Kilichofuata hakikuhusu pepo. Marekani ilikuwa soko kubwa la vitambaa vya Bradford. Mwaka 1890 Bunge lake lilipitisha ushuru mkali wa forodha, maarufu kwa jina la McKinley, ili kulinda viwanda vya nyumbani, na bidhaa za sufu zikapigwa vibaya. Mitindo nayo ilikuwa imeshabadilika. Wanawake walitaka vitambaa laini vinavyoning'inia, si vile vigumu vya kung'aa vilivyomtajirisha mzee Salt. Kampuni ilikuwa imepoteza kiongozi wake hodari miaka michache tu kabla. Mwaka 1892 ikafilisika. Miaka 16 baada ya barabara kujaa watu kumzika mzee, jina lake halikutosha tena kulipa wadai.

Mwaka 1893 kundi la wafanyabiashara wanne wa Bradford lilikinunua kiwanda. Mmoja wao, James Roberts, polepole akawa ndiye mwenye kauli, na baadaye kasri likawa lake.

Huyu Roberts angestahili makala yake peke yake. Alizaliwa mwaka 1848 karibu na Haworth, kijiji cha juu milimani ambako akina Brontë waliandikia riwaya zao, na alipokuwa mzee alipenda kusimulia kwamba utotoni alimwona Charlotte Brontë kwa macho yake. Alianza kazi ya kiwanda akiwa mtoto, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, akajifunza Kirusi kwa ajili ya biashara ya sufu. Alikifufua kiwanda cha Saltaire kilichokuwa kimekata roho, akakipa miaka mingine ya faida. Mwaka 1903 alisimamisha sanamu ya Titus Salt kwenye bustani ya kijiji. Mwaka 1909 naye akapewa ubaroneti. Mwaka 1916 alianzisha kiti cha uprofesa wa Kirusi katika Chuo Kikuu cha Leeds. Mwaka 1928 alinunua nyumba ya kasisi ya Haworth walimokulia akina Brontë, akaikabidhi kwa chama cha wapenzi wao iwe makumbusho, na ndiyo makumbusho hiyo inayotembelewa hadi sasa.

Lakini nyumbani mwake mauti yalibisha mara nyingi. Mwanawe mdogo, Jack, alizama baharini huko Portrush, kaskazini mwa Ireland, mwaka 1904. Mwingine, Bertram, aliyekuwa anaandaliwa kurithi biashara, alikufa kwa maradhi mwaka 1912. Mwingine, Harry, alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na majeraha mabaya. Na Januari 1919, London, mkwe wa Roberts, daktari wa jeshi aitwaye Norman Rutherford, alimpiga risasi na kumuua Meja Miles Seton, rafiki wa familia, kwa wivu juu ya mkewe Alice, binti wa Sir James. Magazeti yaliila kesi hiyo kwa wiki kadhaa. Rutherford alionekana hana akili timamu, akapelekwa hospitali ya Broadmoor.

Roberts aliuza kiwanda mwaka 1918. Mwaka 1920 aliitoa bustani ya Saltaire kwa mji wa Bradford kwa kumbukumbu ya Bertram, ndiyo maana leo inaitwa Roberts Park.

Kiwanda kilichukuliwa na kundi jingine, na mmoja wao, Ernest Gates, akahamia kasrini mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mkewe alikufa muda mfupi baada ya kuhamia. Mwaka 1925 yeye mwenyewe aliumia mguu. Jeraha lilikuwa dogo, likaoza, sumu ikaingia kwenye damu, akafa. Mwenzake wa kampuni, Arthur Hollins, akachukua nafasi. Mkewe alikufa kwa nimonia mwaka 1926. Mwaka 1929 Hollins alishikwa na kwikwi iliyokataa kukoma, iliyohusishwa na ugonjwa wa mfuko wa nyongo, naye akafa.

Hapo ndipo wenyeji walipofunga hesabu.

Hesabu hiyo ina matundu. Bahari ya Portrush iko mbali na Milner Field, tena ng'ambo ya maji. Risasi ya Rutherford ilipigwa London wakati Sir James alikuwa na kasri jingine, Strathallan, huko Uskochi, alilolinunua mwaka 1910. Mkosi gani huo unaomfuata mtu hadi kwenye anwani mpya? Na Sir James mwenyewe, ambaye kwa mujibu wa hadithi ndiye aliyeandamwa kuliko wote, alikufa mwishoni mwa 1935 akiwa na miaka 87. Catherine Salt, aliyelala humo tangu milango ilipofunguliwa, aliishi miongo mingi baada ya kumzika mumewe. Mkosi hauwataji hawa wawili, maana wanauharibia.

Ama vifo vya akina Gates na Hollins, tukumbuke vilitokea lini. Penisilini iligunduliwa mwaka 1928 na haikuwafikia wagonjwa wa kawaida hadi miaka ya 1940. Kabla yake, kidonda cha mguu kilitosha kumzika mtu yeyote, tajiri au maskini. Mwaka 1924, mwaka mmoja kabla ya kifo cha Gates, mwana wa Rais Calvin Coolidge wa Marekani, kijana wa miaka 16, alipata lengelenge mguuni akicheza tenisi kwenye uwanja wa Ikulu. Sumu ikaingia kwenye damu, akafa ndani ya wiki moja tu hivi, na madaktari bora wa taifa lile wamemzunguka. Hakuna anayesema Ikulu ya Marekani ina mkosi. Wapangaji wake wanagombea kuingia.

Basi kwa nini mnada wa 1930 ulishindwa? Sababu zipo, na hazihitaji mganga.

Ya kwanza ni watumishi. Nyumba kama Milner Field ilijengwa kwa kudhani kwamba daima watakuwepo wapishi, wasichana wa vyumba, watunza bustani, wachochezi wa tanuri na walinda farasi wa kutosha, tena kwa mshahara mdogo. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwafungulia wasichana milango ya viwanda na ofisi, na wengi hawakurudi kupiga deki ngazi za mabwana. Nyumba ya kioo isiyochochewa moto usiku mmoja wa Januari huua kila kilichomo.

Ya pili ni kodi. Serikali ya Uingereza ilianzisha kodi mpya ya mirathi mwaka 1894, na mwaka 1919 ikaipandisha hadi asilimia 40 kwa mali kubwa kabisa. Kurithi kasri kukawa kama kurithi deni. Milner Field haikufa peke yake. Katika karne ya 20 Uingereza ilipoteza nyumba kubwa za mashambani zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa hazina hata uvumi mmoja wa jini.

Ya tatu ni biashara yenyewe. Miaka ya 1920 sufu ya Bradford ilikuwa inayumba, na mwishoni mwa mwongo huo dunia nzima ikaingia kwenye mdororo. Tajiri wa kununua kasri la mwenye kiwanda ni mwenye kiwanda mwingine, na wenye viwanda walikuwa wanahesabu senti.

Ya nne naisema mimi, na msomaji ana ruhusa ya kunikatalia: mtindo wake ulikuwa umepitwa vibaya. Kizazi kilichotoka vitani kiliuona Ugothi wa enzi ya Victoria kuwa ni kiza na majivuno. Laiti nyumba ingevumilia hadi miaka ya 1970, watu wangeipigania. Chama cha Victoria, kilichoundwa London mwaka 1958 kutetea majengo ya enzi hiyo, kilikuwa tayari kinapiga kelele. Milner Field haikusubiri.

Vilivyoondoka kwanza ni vitu vya thamani, kisha paa. Nyumba isiyo na paa katika hali ya hewa ya Yorkshire haina maisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanamgambo wa ulinzi wa nyumbani, inasimuliwa, waliitumia kufanyia mazoezi ya kurusha mabomu ya mkono. Katika miaka ya 1950 kilichobaki kikabomolewa, mawe yakaenda na wenye shida ya mawe. Crow Nest, nyumba ya mzee Salt, nayo ilibomolewa mwaka 1969, na pale sasa watu wanacheza gofu.

Kijiji kilipita njia yake. Nyumba za Saltaire ziliuzwa, wapangaji wengi wakawa wenye nyumba, na mtu mwenye nyumba yake hupaka rangi mlango wake. Kiwanda kiliendelea kutoa vitambaa hadi 1986. Kilipofungwa, wengi walidhani kimekwisha. Mwaka 1987 mfanyabiashara wa Bradford aitwaye Jonathan Silver alikinunua na kumwomba mchoraji David Hockney, mzaliwa wa mji huohuo, picha za kutundika. Humo sasa mna majumba ya sanaa, maduka ya vitabu, mikahawa na ofisi, na kuingia ni bure. Mwaka 2001 UNESCO ikakitangaza kijiji kizima kuwa urithi wa dunia. Hata vinywaji vimefika: iliwahi kufunguliwa baa kwa jina la utani la Don't Tell Titus, yaani usimwambie Titus.

Tofauti hii haikutokana na ubora wa mawe. Mawe ni ya bonde lilelile na fedha ni ya alpaka walewale. Milner Field ilijengwa kwa ajili ya familia moja, ikawa haina kazi nyingine siku familia ile ilipoishiwa. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa na ukubwa ambao mwalimu, nesi au fundi wa umeme wa leo anaweza kuumudu na kuupasha joto. Wahifadhi wa majengo wanaopenda kuanzia kwenye makasri wangefaa kuitazama ramani ya bonde hili kabla ya kupanga bajeti.

Msomaji atakayefika kaskazini mwa Uingereza anaweza kuona vyote viwili kwa siku moja. Treni za Leeds na Bradford husimama Saltaire; kituo kilifungwa mwaka 1965 na kufunguliwa tena 1984. Shuka kupita kanisa, vuka mfereji na mto, katiza Roberts Park yenye sanamu za alpaka, kisha ushike njia ya zamani ya magari ya farasi kuelekea juu. Nyumba ya mlinzi wa lango bado ipo. Zaidi ya hapo ni miti, vichaka na mawe yaliyochongwa yaliyolala upande, na ukiyafuta majani utaona kipande cha sakafu ya nakshi ya ile nyumba ya kioo. Vaa viatu vya matope, usichukue kigae hata kimoja, na usishuke kwenye mashimo ya vyumba vya chini ya ardhi, hakuna anayeyatunza.